Ameshiba siku

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nawaomba tukae na Mwanzo 25, aya ya 7 hadi ya 10. Ni habari ya kifo cha Ibrahimu, akiwa na miaka 175. Maandiko yanasema alikufa katika uzee mwema, ameshiba siku. Neno hilo la kushiba halijaniachia tangu tulipomzika babu yetu, mwenye miaka 92, kule Machame, mlimani Kilimanjaro.

Babu alizaliwa mwaka 1933, mwaka ule ule KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ulipoanzishwa, na alipenda kusema kwamba yeye na ushirika ni pacha. Kahawa ilisomesha watoto wake saba. Bei zilipoanguka na majirani wakaing'oa, yeye aliacha mistari miwili karibu na nyumba, akaipalilia mpaka mgongo ulipokataa.

Miaka ya mwisho hakuwa na meno, hivyo tulimpikia mtori, supu nzito ya ndizi. Sikumbuki hata siku moja aliyomaliza bakuli. Akifika nusu anasema, "Nimeshiba," kisha analisogeza kwa mjukuu aliyekaa karibu naye. Tuligombania mtori ule, ingawa chungu kizima kilikuwa jikoni. Baada ya mazishi bibi alituambia kwamba siku nyingine babu alilala na njaa.

Mimi ndiye niliyesoma wasifu wake pale msibani. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, utumishi kama mzee wa kanisa, watoto, wajukuu, vitukuu. Wasifu zetu za msibani zina tabia ya kumwosha marehemu mpaka asitambulike, nami nilifuata desturi hiyo. Maandiko hayamfanyii Ibrahimu hivyo. Yanatuonyesha asubuhi ile alipompa Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara, mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende nyikani na Ishmaeli, mtoto aliyemzalia. Yanasema pia kwamba jambo lile lilikuwa baya sana machoni pa Ibrahimu, lakini mtoto aliondoka.

Sasa soma aya ya 9 polepole. "Isaka na Ishmaeli wanawe" ndio waliomzika. Hesabu umri wao kwa kufuata sura za nyuma: Ishmaeli alikuwa na miaka 89, Isaka 75. Wazee wawili, mmoja aliyebaki hemani na mmoja aliyefukuzwa, wanamlaza baba yao katika pango la Makpela, lile ambalo Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Nani alimpelekea Ishmaeli habari? Walisemezana nini njiani? Hatuambiwi. Yakobo na Esau walikuwa vijana wa miaka 15 wakati huo, na mimi huwawazia wakiwa wamesimama kando, wakimtazama baba yao mkubwa ambaye huenda ndiyo kwanza wanamwona.

Nawawazia hivyo kwa sababu nilisimama mahali pao.

Baba yangu mdogo ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu Wachagga yeye ndiye hurithi nyumba ya wazazi. Lakini yeye na babu waligombana juu ya kipande cha kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, maneno yakawa makali, na babu akamwambia asikanyage tena pale. Akahamia Tanga. Kwa miaka 11 jina lake halikutajwa mezani. Desemba familia nzima ikipanda mlimani kwa Krismasi, kiti chake kilikuwa hakipo, na sisi watoto tulijifunza kutouliza.

Siku moja babu aliniita nje. Akaniambia nikate jani la sale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo kwa mikono yake iliyokuwa inatetemeka, akanipa na nauli. "Mpelekee baba yako mdogo." Kwetu sale ni jani la kuomba radhi, anayeletewa hatakiwi kulikataa. Ila kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Sijawahi kusikia baba akimpelekea mwanawe. Nilimwambia, "Babu, yeye ndiye angepaswa kuleta." Akanijibu, "Najua. Nenda."

Baba mdogo alilipokea jani mlangoni, akalishika kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye ngazi. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Krismasi ile alikuja. Alipofika, babu alikuwa na bakuli la mtori mapajani. Akala vijiko viwili, akasema ameshiba, akamsogezea mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, naye akala.

Siku ya mazishi, jeneza lilipoteremshwa kaburini pale kihambani, katikati ya migomba, baba yangu alishika kamba upande mmoja na baba mdogo upande wa pili. Mchungaji alisema mavumbi kwa mavumbi. Sikusikia mengine, maana nilikuwa natazama mikono yao.

Tuombe. Ee Bwana, Mungu wa Ibrahimu, asante kwa miaka 92 uliyotupa pamoja na babu. Liko jina ambalo halitajwi mezani katika nyumba ya mmoja wetu anayesoma sasa. Unalijua. Mpe huyu nguvu ya kukata jani angali hai, hata kama yeye ndiye mkubwa. Na huyo aliye mbali, umfikishe nyumbani chakula kikiwa bado cha moto. Katika jina la Yesu, amina.