Siku niliyomfuata Somoe Mikindani

Hii ilikuwa 2019, msimu wa korosho ndo umeanza Mtwara, na nyumba yetu ya kupanga pale Magomeni panya walikuwa wamejaa balaa, maana jirani alikuwa anaanika korosho zake uani na kuzilaza stoo kabla ya kuzipeleka chama cha msingi cha ushirika, usiku unasikia tu kwarakwara juu ya dari. Rafiki yangu akaniambia we unahangaika na sumu na una mtoto ndani, nenda Mikindani kuna bibi anaokota paka wanaotupwa, anawauguza afu anawagawa bure, ila jiandae anahoji kuliko uhamiaji.

Basi Jumamosi nikapanda daladala. Nafika nakuta paka uani kila kona, wengine juu ya ukuta, wengine chini ya mwembe, na bibi kainamia sufuria anachambua vichwa vya samaki, changu. Alishavichemsha bila chumvi, anapitisha vidole kwenye kila kipande, akikuta mwiba anautupa pembeni, akisharidhika ndo anachanganya na ugali wa muhogo. Shikamoo bibi. "Marahaba mwanangu, umefuata paka? Kaa hapo."

Maswali sasa. Unakaa na nani, una mbwa, mwenye nyumba anajua, ukisafiri nani atamlisha. Akauliza sumu ya panya ipo? Nikamwambia ipo. Akasema ukifika kaitoe yote kwanza, paka akila panya aliyekula sumu na yeye anakufa. Afu akanisimulia ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, alimfungia, chakula hakumpa na kumwachia akajitafutie hakumwachia. Nimeisikia tangu niko madrasa lakini kuisikia pale, na wale paka wanakula miguuni kwetu, iliniingia kweli.

Mi nlikuwa nataka kitoto, vilikuwepo vitatu vizuri mno, akakataa, hata miezi miwili havijafika, bado vinanyonya. "We una panya, chukua mkubwa anayejua kazi." Akanionyesha paka jike wa kijivu mwenye mistari, sikio la kushoto limechanika, anakula wa mwisho kabisa huku mgongo kaubana ukutani. Anaitwa Somoe. Aliokotwa sokoni ndani ya kiroba cha salfeti, mdomo wa kiroba umefungwa kamba. Mpaka leo inaniuma sana, mtu amechoka na paka anamfunga anaenda kumbwaga sokoni usiku, eti si kuna mautumbo ya samaki atakula, wakati huko wanagongwa na pikipiki na kumwagiwa maji ya moto. Nikasema bibi nipe huyo huyo.

Akamtia kwenye tenga, akafunika na khanga yake mwenyewe, akasema kwangu paka haondoki kwenye kiroba. Nikakodi bajaji, kilomita kama 10 mpaka mjini, na Somoe analia njia nzima mpaka dereva akauliza dada huyo anaumwa? Nikapitisha kidole kwenye tundu la tenga, akakinusa, akatulia kidogo, akaendelea kulia.

Masharti ya bibi niliyafuata yote. Nikamweka chumba kimoja kwanza azoee, asije akatoroka kurudi Mikindani, na beseni la mchanga la kujisaidia. Maziwa ya ng'ombe sikumpa, paka wengi yanawaharisha, na Panadol ndo hata kipande usimpe, inaua paka. Afisa mifugo akaja akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, maana na paka wanaupata, akaniandikia na kadi ya kurudia mwaka unaofuata.

Siku za mwanzo alikuwa chini ya kitanda tu, chakula anakula tukishalala. Afu usiku mmoja nikasikia purukushani stoo, asubuhi panya mkubwa yuko mlangoni na Somoe kakaa pembeni yake ananiangalia. Nilifurahi mno, nikamwita mwanangu aje aone.

Nikampigia bibi nimpe habari. Kabla sijasema kitu akauliza anakula? Anakula bibi. Choo anapata? Anapata. Sumu ulitoa? Nilitoa yote. "Alhamdulillah. Haya, na wewe mwanangu hujambo?"