Nilivyoorodhesha masanduku 40 ya vitabu vya taaluma mbalimbali

Nilipohamishwa kutoka dawati la kuazimisha vitabu kwenda kitengo cha uorodheshaji katika maktaba ya chuo kikuu ninachofanyia kazi, nilikabidhiwa chumba chenye masanduku 40 ya vitabu ambavyo havikuwa na namba wala havikuwa vimeingizwa katika katalogi. Vingine vilitolewa na familia ya profesa mmoja, vingine vilinunuliwa na idara kisha vikakaa kwa kukosa mtu wa kuvishughulikia. Sanduku la kwanza nililolifungua lilikuwa na kitabu cha takwimu, cha magonjwa ya ng'ombe, cha fonolojia ya Kiswahili na cha sheria za ardhi, na mimi mwenyewe shahada yangu ni ya ukutubi, si ya taaluma hata moja kati ya hizo.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kutofuata mpangilio wa masanduku. Nilivitandaza vitabu juu ya meza ndefu kwa kadiri ya idara ambazo wasomaji wake wangetoka, kisha nikaangalia kama tayari tulikuwa na nakala nyingine rafuni. Baada ya hapo nilizitafuta rekodi, yaani maelezo ya kila kitabu kwa ajili ya katalogi, zilizokwisha kuandaliwa kwingine, kwa sababu Koha, programu ya maktaba tunayoitumia, huweza kuchukua rekodi moja kwa moja kutoka katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilipatikana kwa wepesi. Vile vyenye namba za ISBN zinazoanza na 9976 au 9987, ambazo ni za Tanzania, na 9966, ambayo ni ya Kenya, vilitaka uvumilivu zaidi, ingawa ofisi ambayo maktaba hiyo imekuwa nayo Nairobi tangu mwaka 1966 imeorodhesha vingi vya kwetu, na rekodi zake zilinisaidia sana.

Vile visivyokuwa na rekodi popote nililazimika kuviandalia mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. Ili kuokoa muda, nilikuwa nikifungua rekodi ya kitabu cha Kiingereza na kuandika maelezo mapya juu yake. Katika sehemu ya 245 ya rekodi, ambamo huandikwa jina la kitabu, kuna tarakimu moja inayoielekeza kompyuta iruke nafasi ngapi inapopanga majina kwa alfabeti. Jina linaloanza na The hupewa 4, yaani herufi tatu na nafasi moja iliyo wazi. Majina ya Kiswahili hayana neno la namna hiyo la kurukwa, kwa hiyo tarakimu yake ni 0. Mimi niliiacha ile 4 ibaki. Nilipochapa orodha ya kwanza, vitabu vilivyoanza na neno "Misingi" vilikuwa vimepangwa penye N, kwa kuwa kompyuta ilianza kusoma kwenye "ngi", na vya "Historia" vilikuwa penye O. Nilizirekebisha rekodi hizo moja baada ya nyingine kwa siku mbili, na tangu hapo kila rekodi ya Kiswahili naianza kwenye ukurasa mtupu.

Jambo lililonigusa kuliko yote, hata hivyo, halikuwa la kompyuta. Kwa miaka mingi maktaba yetu ilikuwa na mazoea ya kuvikusanya vitabu vyote vilivyoandikwa kwa Kiswahili katika rafu moja, penye PL8701 hadi PL8704. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, tunaoutumia kuvipa vitabu namba za rafu kwa kadiri ya mada, namba hizo ni za lugha ya Kiswahili yenyewe na fasihi yake. Kitabu cha kilimo cha mahindi hakiwi kitabu cha isimu kwa sababu tu kimeandikwa kwa Kiswahili. Mahali pake ni SB191, pamoja na vitabu vingine vya nafaka, ili mwanafunzi wa kilimo anayepita pale akione bila kuelekezwa. Niliposhauri tuvihamishe, mwenzangu mmoja mwenye uzoefu aliniuliza, "Dada, anayetaka vitabu vya Kiswahili atavipataje sasa?" Swali lilikuwa la haki. Nilimwonyesha kwamba kila rekodi ina mahali pa kuandika lugha ya kitabu kwa herufi swa, na kwamba msomaji akichagua lugha hiyo kwenye katalogi ataviona vyote, vya mahindi, vya malaria na vya ushairi. Naamini kwa dhati kwamba kukifungia kitabu cha sayansi katika rafu ya lugha ni kukinyima wasomaji wake.

Kosa hutokea pia kwa upande wa pili. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliweka kwenye meza ya botania kitabu kimoja kwa kuwa jina lake lilitaja mzizi na shina. Nilifungua ukurasa wa yaliyomo na kukuta viambishi, vitenzi na mnyambuliko. Mizizi hiyo ilikuwa ya maneno. Toka siku hiyo tulikubaliana kwamba hakuna kitabu kitakachopewa namba kabla ya kusomwa dibaji, yaliyomo na faharasa.

Kitabu kilichonisumbua zaidi kilihusu kilimo cha mwani Zanzibar, shughuli iliyoanza kibiashara mwaka 1989 na ambayo wakulima wake wengi ni wanawake. Neno "kilimo" lilinivuta kwenye SB, penye mazao ya shambani. Nilikipeleka kwa mhadhiri mmoja mzee wa mimea, akakipitia kimyakimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, huu haupandwi ardhini. Uweke na wenzake wa baharini." Kumbe mfumo umeutengea mwani nafasi katika SH, pamoja na uvuvi. Nilipokisoma tena, hata hivyo, niliona sura moja tu ndiyo iliyoeleza kamba, vigingi na maji kupwa na kujaa. Sura zote zilizobaki zilihusu kipato cha wanawake hao na nafasi yao nyumbani. Nilikipa HQ1240.5, penye wanawake na maendeleo, nikaongeza vichwa vya mada vya mwani na ufugaji wa viumbe wa baharini. Katika sehemu ya 653, inayoruhusu maneno yasiyo katika orodha rasmi, niliandika "mwani" na "kilimo cha mwani", kwa kuwa vichwa rasmi vya mada ni vya Kiingereza na mwanafunzi wetu hutafuta kwa neno analolijua.

Uamuzi wa namna hiyo niliuandika katika daftari, pamoja na sababu yake, ili kitabu kingine cha mwani kikija mwakani kisipelekwe kwingine na mtu mwingine. Humo pia nimeandika majina ya waandishi yanayotatanisha, kama Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi. Rekodi zake zote huingia chini ya Ngũgĩ, na jina la zamani humwelekeza msomaji huko.

Masanduku 36 yamekwisha. Manne yaliyobaki ni ya sheria, KTT kwa Tanzania na KSK kwa Kenya, na humo mna vitabu ambavyo siwezi kutofautisha sheria ya ardhi na uchumi wa ardhi bila msaada. Mhadhiri mmoja wa sheria amekubali kukaa nami kila Alhamisi mchana, naye huja na kalamu yake ya risasi.