Meli Iliyozamishwa Makusudi

Mjomba haamini kwamba kuna watu wanaozamisha meli nzima kwa hiari yao, halafu wengine wanalipa pesa kwenda kuitazama. Nilimwonyesha picha za Cape Town, nikamweleza kuwa Princess Elizabeth na Oratava zilikuwa meli za uvuvi, zikapelekwa chini ya ghuba ya Smitswinkel mwaka 1983 ili samaki wapate maskani. Akaguna. "Chuma chote kile! Si wangetupatia sisi?" Mjomba amevua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hapa Goma, Kongo, tangu ujana wake, na boti ndiyo iliyomsomeshea watoto, kwa hiyo namwelewa.

Maji ya kule ni baridi kwelikweli. Siku niliyozamia kwenda kuziona, kompyuta ya kuzamia niliyoivaa mkononi ilisoma nyuzi 13, na mimi nimekulia Kivu, ambako maji ya juu hukaa kwenye 24 hivi mwaka mzima. Unavaa suti ya mpira ya milimita 7, lakini kadiri unavyoshuka mgandamizo wa maji unaibana, inakuwa nyembamba, na baridi inapenya pale hasa unapoihitaji suti yako. Ukipita mita 30, kila pumzi inamaliza hewa ya mtungi zaidi ya mara nne ya ile ya juu. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo nayo inaanza kukulewesha taratibu. Muda wa kuzubaa haupo.

Kutu sikuiona. Bila tochi kila kitu kilikuwa na rangi moja ya kijani iliyochujuka, kwa kuwa wekundu haufiki kina kile. Nilipoiwasha, ukingo wa sitaha ukageuka machungwa na zambarau: sponji, matumbawe laini, vidudu vilivyong'ang'ania kila inchi ya chuma. Samaki walipita puani pangu bila hofu yoyote. Nikasogea kwenye uwazi mmoja ubavuni, nikamulika ndani, na ndipo nikajigundua: nilikuwa natafuta mtu. Nilijua vizuri kwamba meli ile ilishushwa tupu, haikuua hata panya. Mkono ulimulika pembe zote hata hivyo.

Sidhani mzamiaji wa Ulaya aliyekuwa nami alifanya hivyo. Mimi natoka kando ya ziwa ambalo boti ikizama, tunaulizana majina. Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi ilitoka Minova imejaa watu, kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na vita, ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku hapa Goma, watu wamesimama ufukweni wakiitazama. Tangu nirudi, nikisimulia habari za mbizi, swali la kwanza ni lilelile: "Walikuwemo wangapi?" Mpaka leo hakuna aliyeniuliza kuhusu samaki.

Wananiuliza pia kwa nini sizamii hapa nyumbani. Wengi wanadhani naogopa gesi iliyoyeyuka ndani ya ziwa. Sehemu kubwa ya ile methani imefungiwa kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 250, na mtu wa mtungi wa kawaida hafiki huko hata akilazimishwa. (Mazuku ya nchi kavu, ile mifuko ya gesi ya kaboni dioksidi inayoua mbuzi mabondeni, ndiyo ningeyaogopa.) Shida yangu ni urefu wa mahali. Ziwa liko kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu yake ni nyepesi, na naitrojeni uliyoibeba mwilini inatoka kwa fujo zaidi unapopanda. Mahesabu ya Cape Town ya muda wa kukaa chini na kupanda, ukiyaleta hapa yalivyo, yanaweza kukulemaza. Na mtungi wenyewe nitaujaza wapi?

Mjomba hayo yote aliyasikiliza kwa adabu, kisha akaingia kwenye kilichomleta. Rafiki yake ana wavu ulionasa kwenye mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, pale ilipoingia ziwani. Nitamtoza ngapi kuunasua? Nikaanza tena habari za mtungi. Akanikatiza: "Mtungi wa nini, mpwa wangu? Watoto wa pale wanashuka na pumzi zao tu."

Jumapili tunaenda. Watoto watashuka, mimi nitakaa juu ya maji na miwani na mrija, niwaonyeshe wavu ulipo.