Jioni tuliyoongea selimundu Pasua

Desemba 2023 nilikuwa nyumbani Moshi kwa Krismasi, kama Wachaga tulivyozoea kurudi. Jioni moja kwa mama mdogo, Pasua, tukiwa tunamenya ndizi za mtori, akanionyesha ujumbe wa WhatsApp: Marekani wamepitisha tiba ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi alio nao mwanawe. "Wewe si ndiye unayesomea jeni? Haya ni kweli au ni wale wale wauza maji ya upako?"

Ilikuwa kweli. Tarehe 8 mwezi ule mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitisha tiba mbili kwa mpigo, Casgevy na Lyfgenia. Nikamweleza hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kazi yangu. Jeni nzima ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inabebwa na lentivirusi iliyoundwa maabara kutokana na VVU.

Kisu kikasimama kwenye ganda la ndizi. "VVU? Nimtie mwanangu ugonjwa juu ya ugonjwa?"

Nani asingeuliza hivyo, kwa misiba tuliyoizika miaka ile? Nikanawa mikono, nikamchorea nyuma ya daftari la mdogo wangu. VVU wana uwezo wa kuingia kwenye seli na kupachika jeni zao ndani ya DNA yake. Uwezo huo tunauhitaji, madhara hapana. Kwa hiyo maabara tunazitenganisha jeni zao: za ganda la virusi plasmidi hii (kijiduara cha DNA), za vimeng'enya plasmidi ile, nyingine tunazitupa kabisa. Tukiziingiza zote kwenye seli tunazokuza, seli zinatengeneza ganda, lakini linapakia tu kipande chenye alama ya kufungashia, na alama hiyo tumeiacha kwenye kipande kinachobeba jeni ya himoglobini peke yake. "Ni kama mzigo wa basi la Dar, mama mdogo. Usioandikwa jina haupakiwi." Kinachotoka kinaingia kwenye seli, kinashusha jeni, kinaishia hapo. Hakina cha kuzaliana nacho.

Akaelewa, tena upesi. "Kwa hiyo ni sindano moja tu?"

Hapo ndipo pagumu. Seli shina, zile zinazozalisha seli zote za damu, hutolewa mwilini, zikapelekwa kiwandani kutiwa jeni, na kabla ya kurudishwa mgonjwa hupewa dawa kali ya kufuta uboho wake. Bei ni dola milioni 3.1. Bei hakuijadili hata kidogo. Alichokishika ni ile dawa kali, niliposema inaweza kumnyima mtoto uzazi. "Huyu ndiye wa pekee," akasema. "Kwa nini msitengeneze vya kumchoma mkononi, vikaenda vyenyewe hadi kwenye uboho?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani, NIH, na wakfu wa Gates walitangaza dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazowezekana Afrika. Ugumu ni kwamba virusi vikichomwa kwenye damu, vingi huishia kwenye ini, na kinga ya mwili huvivamia kabla havijafika uboho. Nikamwambia wazi: bado. Mtoto haidroksiurea, dawa yake ya selimundu, asiache; kliniki hospitali ya KCMC asikose.

Januari niliporudi chuoni nilimwomba msimamizi wangu anihamishie kwenye kazi ya maganda ya virusi yanayotambua seli shina ndani ya damu. Ndiyo ninayoifanya hadi leo.