Mji wetu hauishii Darajani

Wiki mbili zilopita nilikuwa natoka sokoni Darajani, hapa mjini Unguja, na kikapu changu, mbele yangu limesimama kundi la wageni kama kumi hivi na baiskeli za kukodi, kofia kichwani, na muongozaji wao anawaeleza. Nkasimama kusikiliza maana mie haya mambo nayapenda. Kaeleza vizuri habari za soko lenyewe, kwamba limejengwa 1904, halafu akanyoosha mkono upande wa pili wa barabara akasema historia inaishia hapa, kule ni makaazi ya watu tu. Wakageuza baiskeli wakarudi Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe.

Mie nimezaliwa kule, Ng'ambo. Mama yangu kazaliwa kule, bibi yangu kaletwa bibi arusi kule. Iliniuma, siwezi kusema uongo, nkafika nyumbani hata kupika sina hamu.

Usiku nkampigia simu mtoto wa mama mkubwa, yeye kutembeza wageni kwa baiskeli ndo kazi yake miaka mingi sasa. Nkamwambia kaka, hivi na wewe unawageuza Darajani? Akanyamaza kidogo, akasema dada, nikiwa na wageni wa masaa mawili nageuza, muda hautoshi, lakini Jumapili sina kazi, vuka kwangu na baiskeli yako nkutembeze mji wote kama ninavyotaka mie. Basi ndo hadithi ya leo.

Tulianza Forodhani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bahari shwari, wanaofagia bado wanafagia. Mji Mkongwe ntaupita haraka maana umeshaandikwa sana, tangu uingizwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 kila mlango ushapigwa picha. Ila pale mbele ya Beit el Ajaib tulisimama. Jumba la Sultan Barghash la 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka, watu wawili wakafariki. Kila nikipita pale nanyamaza. Kaka akasema mbele ya Ngome ndo kilikuwa kituo cha treni ya Bububu, treni kweli, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ikaanza 1905, ikipita Malindi katikati ya nyumba za watu kabla ya kutoka mjini. Tukafuata njia yake mpaka Malindi, tukauona ule mnara wa msikiti wenye umbo la pia, chini mnene juu umechongoka, minara ya namna hii ni michache sana katika pwani yetu nzima. Mie miaka yote napita pale na sikuwahi kuinua kichwa.

Halafu vichochoro vya Kiponda. Baiskeli ndani ya vichochoro ni jambo la adabu, kila kona unapiga kengele, ukimkuta mzee amekaa barazani unapunguza mwendo unasalimia, ukikutana na mtu kabeba kitu kichwani unashuka unampisha. Kaka anasema wageni wengi hilo ndo linalowashinda, si pedeli. Tukatokea Mkunazini kwenye kanisa, ambapo kulikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale. Askofu Steere alosimamia ujenzi ndo yuleyule aloandika sarufi na kamusi ya Kiswahili, na kazikwa humo ndani nyuma ya madhabahu.

Sasa hapo Mkunazini kaka akanambia neno ambalo mpaka leo lipo kichwani mwangu. Akasema: "Dada, kuanzia hapa usipige pedeli. Iache baiskeli ishuke yenyewe."

Nkaiacha. Ikaanza taratibu, ikaongeza kidogo, mpaka tumefika barabara kubwa ya Darajani ikapunguza ikasimama yenyewe. Mteremko mdogo kiasi kwamba kwa miguu huujui kabisa, na mie nimepita pale maelfu ya mara. Kaka akasema unaposimama hapo, miguu yako ipo ndani ya bahari.

Kwa wasojua, Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Kulikuwa na hori, mkono wa bahari, wazee wakiliita Pwani Ndogo, maji yakijaa yanautenga mji wa mawe na upande wa pili, na ndo maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, ng'ambo ya maji, na hapa pakaitwa Darajani kwa sababu palikuwa na daraja. Hori likafukiwa kidogo kidogo, kipande kwa kipande, mpaka katikati ya karne ilopita likamalizika ikabaki barabara. Majina tumebaki nayo, maji hatuyaoni, na watoto wetu wanadhani Darajani ni jina tu la soko.

Tukavuka. Na hapo ndo nikapata ajali yangu. Nilikuwa nimelikunja baibui nkalibana na pini lakini kwenye kijia cha Mchangani pini ikafyatuka, upindo ukaingia kwenye cheni, baiskeli ikakaba ghafla nkaegemea ukuta wa mtu. Nkataka kuvuta. Nkasikia sauti: "Usivute mwanangu, utachana!"

Mzee fundi baiskeli, yupo chini ya kibanda cha bati, karai la maji la kutafutia pancha mbele yake, tyubu zimening'inia ukutani. Nkamwambia shkamoo babu, akaitika, akapiga goti na umri wake ule, keshapita themanini mwenyewe alisema. Akashika pedeli kwa kidole gumba na cha shahada akairudisha nyuma, lakini kidogo kidogo, kama anavyorudisha mtu saa, jino moja la gia, anasimama, analegeza kitambaa kwa kucha, jino jingine, anasimama. Kitambaa kikatoka chote, kimejaa grisi lakini hakina hata tundu. Akamwagia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa cheupe akanisugulia ule upindo, kisha ndo akauliza lile swali letu, wewe mtoto wa nani? Nkamtajia babu yangu wa Mwembetanga. Akamjua, mashallah, wakicheza bao pamoja.

Kaka akamuomba amwambie dada habari za maji. Mzee akaonyesha tulikotoka kwa spana alonayo mkononi. Akasema sie wadogo tukienda pale bamvua, yale maji makuu ya bahari, likijaa, tukichezea ngalawa za vifuu vya nazi, mwenye ngalawa yake ikifika mbali ndo mshindi, na nikirudi nyumbani nimelowa napigwa. Halafu akacheka kidogo akarudi kwenye pancha yake. Pesa hakutaka, tukamnunulia boflo na chai kwa jirani.

Hapo kaka akaanza kunisomea mji kwa majina, tunaendesha taratibu yeye mbele mie nyuma anapaza sauti. Mchangani, mchanga wa pwani. Vikokotoni, vikokoto. Gulioni, palikuwa na gulio. Michenzani, michenza. Kikwajuni, mkwaju. Kisima Majongoo, kisima na majongoo yake. Kisiwandui, kisiwa cha ndui, na hilo mie lilinipiga kwa kweli, nimelitamka tangu nna miaka mitatu nikaliona neno moja tu, kumbe nilikuwa nataja maradhi yalouwa watu na maji yalokizunguka kisiwa. Hakuna kibao hata kimoja kinachoeleza haya, lakini wenyeji wa mwanzo waliandika ramani yote kwenye midomo yetu.

Na watu wa Ng'ambo walikuwa nani? Wengi walotoka utumwani, hasa baada ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, na watu wa mashamba, na wa kutoka bara, na Wangazija, kila mtu kapiga fito zake na udongo, paa la makuti, baadae watu wakawa wanakunjua madebe ya mafuta ya taa wanayapiga bapa wanaezekea. Nyumba ilikuwa yako lakini kiwanja ni cha mwenyewe, unalipa kodi ya kiwanja. Na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma, wakakataa kulipa. Watu masikini kabisa, wanawake wengi ndani yake, wakasema hatulipi! Mwaka huohuo 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba alokuja mjini akiuza vyungu, akenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, na Siti alikuwa akikaa Ng'ambo, akiimba Ng'ambo, kwa watu haohao wa mgomo. Sasa mtu anisimamie pale barabarani aniambie kule ni makaazi ya watu tu.

Michenzani tukashuka kwenye baiskeli. Haya majumba wengi wanayaona mabaya, marefu, ya kijivu, yamejipanga kama msalaba kwenye mzunguko wa barabara. Mchoro ulitoka Ujerumani Mashariki, ujenzi wakati wa Mzee Karume na baada yake, na ili yasimame zilivunjwa nyumba nyingi sana za udongo. Moja ya bibi yangu. Akapewa fleti, ghorofa ya tano, umeme na maji ya bomba ndani, na alishukuru, sisemi hakushukuru. Lakini alikosa baraza. Alikuwa akitandika jamvi kwenye korido mbele ya mlango wake akakaa na kinu chake pembeni, anayepanda ngazi na anayeshuka wote wampitie wamuamkie. Mie utoto wangu ni ile korido. Nilimuonyesha kaka dirisha, yeye akanionyesha kitu nilikuwa sijakiona, ukisimama kwenye mzunguko ukaangalia kila upande, unaona barabara nne zimenyooka kama rula, halafu ukiingia nyuma ya jumba lolote hatua ishirini tu vichochoro vinarudi vilevile vya zamani, vinapinda na miembe yake na visima vyake. Wageni wakiletwa hapa waletwe waone hivyo, mbele na nyuma.

Raha Leo tulipita mara moja, kwa ajili ya radio, maana sauti ya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964 ilitokea pale. Kisha Kisiwandui, alipouliwa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972 na ndipo alipozikwa. Jua lilishakuwa kali. Kisima Majongoo tukanywa juisi ya muwa yenye tangawizi na ndimu, mie gilasi mbili, na mama mmoja mtu mzima alokuwa anakaanga mihogo akaniangalia mie na baiskeli yangu na baibui langu lenye doa la grisi akasema, hata mie nilikuwa najua, ndugu zangu wanaume wakiniazima usiku kukiwa na mbalamwezi. Nkamwambia bi mkubwa panda basi uzunguke hapa hapa. Akakataa kwa mkono lakini macho yake hayakutoka kwenye usukani. Mpaka leo najuta sikumbembeleza.

Kikwajuni tukateremka tena bila pedeli, safari hii naujua mteremko kabla sijafika, mwili ushajifunza. Ukatuweka Mnazi Mmoja, kiwanja cha mpira, kule mbele kuba nyeupe la makumbusho ya Beit al Amani, la 1925. Vijana walikuwa wanacheza nusu kiwanja tu. Nkauliza mbona nusu, kaka akanambia twende ukaone.

Tukaziegemeza baiskeli kwenye mti tukaingia kwa miguu. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, na ile pembe ya kiwanja iliyo chini majani yamezama kwenye maji, maji masafi, yametulia, kama kidimbwi cha mvua. Lakini mvua haijanyesha wiki nzima. Kaka akachutama akachovya kidole akanipa ishara na mie nichovye. Nkaonja.

Chumvi.

Nilichutama pale muda mrefu, namfikiria yule mzee na ngalawa zake za vifuu. Mpira ukatujia, ukaangukia majini, kijana mmoja akaufuata huku kapandisha suruali magotini, akatusalimia, akaupiga akarudi. Jumapili ijayo nampeleka mama, yeye atakaa nyuma kwenye keria.