Siku yangu katika maabara ya biolojia

Saa 12:30 asubuhi nafungua madirisha ya maabara. Mimi ni fundi sanifu; wengi hudhani kazi yangu ni kuosha chupa. Natoa kabatini mmea uliokaa gizani tangu juzi. Majani yake hayana wanga tena, maana gizani mmea hula akiba yake bila kutengeneza nyingine. Nafunika sehemu ya jani kwa karatasi ya alumini, nauweka juani.

Hadi saa 3:00 ni kupima, kumimina na kubandika lebo.

Saa 3:00 linaingia darasa la kwanza: seli za kitunguu. Unabandua utando mwembamba wa ndani ya gamba, tone la iodini, kioo kifuniko, hadubini. Maelezo ni mafupi. Kazi ni ndefu. Mmoja kaweka kioo kifuniko hovyo, kingo zimejaa hewa. Anachora duara lenye ukingo mweusi mzito. Namwambia hicho ni kiputo cha hewa. "Hapana mwalimu, kitabuni seli ni duara." Nagusa kioo kwa sindano, duara linateleza. Hakubali. Wakati huo jirani yake kazungusha skurubu kubwa akiwa kwenye lenzi ndefu, kioo kimepasuka. Wa tatu analalamika haoni kitu. Kioo chake cha mwanga kimeelekea ukutani. Narudi kwa mbishi wangu. Tunaanza upya: kioo kinashushwa kwa mshazari, taratibu, ili hewa itoke. Lenzi ya ukuzaji mdogo kwanza, kisha ya kukuza mara 40. Kwa lenzi ya jicho ya 10, anaona mara 400. Ananyamaza. Kisha: "Kumbe zimepangana kama matofali! Na hiki kidoa?" Kiini cha seli, kijana. Mwaka 1665 mwanasayansi Robert Hooke alipotazama kizibo, yaani gome la mti, aliona kuta tupu za seli zilizokufa. Huyu kaona na kiini, siku yake ya kwanza. Kipindi kilikwisha zamani, darasa lingine liko mlangoni, na mgongo unaniuma.

Chakula cha mchana nakila nje, nimesimama. Ndani hakuna kula.

Mchana sitazami tena saa. Majani yanachemshwa kwenye maji, kisha napita kila meza kuhakikisha moto umezimwa kabla sijatoa ethanoli, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Rangi ya kijani inatoka, iodini inadondoshwa: palipopata mwanga panageuka bluu-nyeusi, maana pana wanga, palipofunikwa panabaki kahawia. Mwalimu anapongezwa kwa somo zuri, na kweli amefundisha vizuri. Jani lile niliandaa mimi.

Wameondoka wote. Naosha slaidi, kisha naandika mahitaji ya kesho: haidrojeni peroksaidi, maini mabichi, na maini yaliyochemshwa. Mwalimu aliomba mabichi tu. Nitapeleka yote mawili, kwa sababu mabichi hutoa povu ndani ya peroksaidi lakini yaliyochemshwa hayatoi, na hapo ndipo mwanafunzi anaona kwamba joto limeharibu kimeng'enya, ile protini inayoharakisha mmenyuko.