Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: utamu wake umehamia wapi

Mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao karibu kila mtu hapa anauita FPL, ulianza msimu wa 2002/03 ukiwa na washiriki takriban 76,000, na msimu wa 2022/23 ulivuka washiriki milioni 11. Anayetazama tarakimu hizo peke yake ataona mchezo uleule uliopata watu wengi zaidi. Kwa sisi tulioucheza Kigoma tangu enzi za kulipia dakika za intaneti kafe pale Mwanga, kilichotuvuta wakati ule sicho kinachotushikilia leo. Zamani utamu wote ulikuwa katika kumjua mchezaji kabla ya wenzako. Leo ni vigumu mno kumjua mchezaji kabla ya mwenzako, na mchezo umelazimika kutafuta utamu wake kwingine.

Asiyewahi kucheza ajue kwamba kila mshiriki hupewa bajeti ya pauni milioni 100 za kufikirika, akanunua wachezaji 15 wasiozidi watatu kutoka klabu moja, akapanga 11 kila wiki na kumteua nahodha ambaye alama zake huhesabiwa mara mbili. Bao la mshambuliaji lina alama 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ina alama 3. Na beki au kipa ambaye timu yake haikuruhusu bao hupata 4. Mtu yeyote anayeufahamu mpira, akishazisoma kanuni hizo, huanza mara moja kuona zilipo hazina zake: kiungo anayecheza kama mshambuliaji ni mali, na beki anayepiga penalti ni mali zaidi, ndiyo maana Leighton Baines wa Everton alikaa miaka mingi kwenye vikosi vya watu ambao hawakuwahi kuipenda Everton hata siku moja.

Asili ya michezo ya namna hii ni ya watu wachache waliojuana. Huko Marekani, Bill Winkenbach wa Oakland alibuni na wenzake fantasi ya mpira wa Kimarekani mwaka 1962, na kwa soka letu Andrew Wainstein alianzisha Fantasy League nchini Uingereza mwaka 1991. Katika michezo hiyo ya awali marafiki walikaa pamoja, wakagombea wachezaji kama mnadani, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja hakuna mwingine katika ligi hiyo aliyeweza kuwa naye. FPL iliondoa sharti hilo. Kila mtu anaweza kumnunua mchezaji yeyote, hata kama watu milioni nane wameshamnunua, na uamuzi huo mmoja ndio uliofungua mlango kwa umati wa leo. Ndio pia uliopanda mbegu ya tatizo nitakalolieleza.

Miaka ya mwanzo hapa Kigoma taarifa zilikuwa haba, na uhaba huo ulikuwa sehemu ya raha. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, mgao ulikuwa jambo la kawaida, na mtu mwenye anwani ya barua pepe alikuwa na kazi ya kuwaingizia timu wenzake watatu au wanne wasio nayo. Ligi yetu, yaani kundi letu la marafiki tulioshindana kwa alama ndani ya mchezo, ilikuwa na katibu aliyetunza daftari la mistari, lile la kurasa mia mbili, ambamo alichora safu kwa kalamu nyekundu na kuandika majina ya wachezaji kama alivyoyasikia redioni, kwa kuwa wengi wetu tulizifuata mechi za Jumamosi kupitia matangazo ya Kiswahili ya BBC kuliko kwa kuziona. Kuyt alikuwa Kauti, Berbatov alikuwa Babatofu, na hakuna aliyeona haja ya kusahihisha. Jumapili baada ya swala ya alasiri au baada ya ibada, kila mmoja kwa upande wake, watu walipita kwa katibu kutazama alama zao, na mabishano yaliyofuata yalidumu hadi magharibi.

Katika hali hiyo, aliyeona jambo alilibeba kama siri. Mfano ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Agosti 2012, pale Swansea walipokwenda kwa Queens Park Rangers siku ya kwanza ya msimu na kushinda 5-0, Mhispania aitwaye Michu akifunga mawili. Mmoja wa wanachama wetu, fundi simu, aliiona mechi hiyo katika kibanda umiza kilichokuwa karibu tupu kwa sababu wengine wote walikuwa wakisubiri timu kubwa. Alimnunua Michu siku ileile na hakumwambia mtu. Michu alikuwa wa bei ya chini, ameorodheshwa kama kiungo huku akicheza mbele kabisa, na alimaliza msimu na mabao 18 ya ligi. Wenzake walipomgundua, fundi alikuwa ameshawaacha kwa pengo ambalo halikuzibika tena. Ushindi ule alistahili kwa sababu aliona kwa macho yake, na mpaka leo nadhani hiyo ndiyo furaha safi kabisa ambayo mchezo huu umewahi kumpa mtu.

Simu za mkononi zilipoenea, bando likashuka bei na makundi ya WhatsApp yakaanza, siri zikawa na maisha mafupi. Msimu wa 2019/20 Sheffield United walipanda daraja wakiwa na John Lundstram, aliyeorodheshwa kama beki kwa bei ya milioni 4.0, ambayo ndiyo ya chini kabisa, ilhali uwanjani alicheza kiungo na kuingia kwenye boksi la wapinzani kila mara. Miaka kumi nyuma huyo angekuwa Michu mwingine. Lakini kabla mpira wa kwanza wa msimu haujapigwa, habari zake zilikuwa zimeshaandikwa, zimeshachambuliwa kwenye video na zimeshafika Ujiji, na katika ligi yetu kikosi kisicho na Lundstram kilihitaji maelezo. Alifunga mabao 5 na alitupa alama tele, ila hakumtofautisha mtu na mwenzake. Kizuri kikiwa cha wote, hakuna anayeongoza kwa sababu yake.

Tangu hapo mchezo ulianza kuongozwa na kitu ambacho zamani hatukukijua, nacho ni hofu ya kukosa. Erling Haaland alipokuja Manchester City msimu wa 2022/23 na kufunga mabao 36, zaidi ya robo tatu ya washiriki walikuwa naye kwa sehemu kubwa ya msimu, na wengi wao walimfanya nahodha wiki hadi wiki. Ukiwa naye na akifunga matatu, hupandi popote, kwa kuwa wote wamepanda. Usipokuwa naye, unaanguka. Mchezaji aliyepaswa kuwa furaha ya wiki anageuka kuwa bima, na mtu anatazama mechi kwa nia ya kutoumia. Nimewaona vijana wenye akili nyingi za mpira wakinakili kikosi cha mchambuzi wa mbali neno kwa neno, kisha wakakaa kibandani bila kuinua sauti hata timu yao ilipofunga. Sioni kosa la vijana hao. Wanacheza mchezo kama ulivyojengwa sasa, ambamo kila mtu ana hesabu zilezile za nafasi za mabao, habari zilezile za majeruhi, na programu zinazokadiria ni nani bei yake itapanda usiku wa leo, maana bei hubadilika wakati huku kwetu bado ni usiku na wapo wanaokatiza usingizi kwa ajili ya milioni 0.1.

Hata katika wingi huo wa habari, Kigoma bado ina mambo yake. Kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, ambayo kwa Jumamosi nyingi ni saa 7 mchana kwetu, na Waingereza wakishabadili saa zao mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa 8. Mechi ya kwanza ikichezwa Ijumaa usiku, kikosi hufungwa saa 2:30 usiku, au 3:30 Waingereza wakishabadili saa. Sasa, ligi yetu ina wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, na usiku wa giza, ambao ndio usiku wa kazi, saa hiyo wameshafika ziwani na taa zao, mbali na mtandao. Wao hupanga kikosi mchana wakati wanakagua nyavu, na habari ya majeruhi inayotoka jioni haiwafikii. Wanacheza FPL ya mwaka 2012 ndani ya mwaka huu. Ningependa kusema kwamba hilo huwapa ushindi, lakini ukweli ni kwamba mara nyingi huwagharimu. Ila vikosi vyao ndivyo pekee katika ligi ambavyo siwezi kuvibashiri kabla ya kuvifungua, na kila wiki naanza kwa kuvisoma vyao.

Ni lazima nimtaje Mbwana Samatta, kwa sababu majira yale ya mwanzo wa 2020 yalinionyesha mvuto ulikokuwa ukihamia. Alijiunga na Aston Villa Januari, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Februari akafunga ugenini kwa Bournemouth katika mechi ambayo Villa walipoteza 2-1. Kwa hesabu, Villa walikuwa wakipigania kubaki daraja la juu na hapakuwa na sababu ya kuwekeza kwa mshambuliaji wao mpya. Katika ligi yetu alikuwa karibu kila kikosi. Watu waliowahi kumwona akiwa TP Mazembe, ng'ambo ile ya ziwa kule Kongo ambako ndugu na biashara zetu huvuka kila wiki, walimnunua kwa moyo mweupe na wengine wakampa unahodha. Bao lake la ligi lilikuwa hilo moja tu. Hata ligi iliposimama Machi kwa sababu ya korona na kurudi Juni, ambapo tuliruhusiwa kubadili kikosi chote bure, wapo waliokataa kumwondoa. Hawakuwa wakicheza kwa ajili ya nafasi katika orodha ya washiriki wote duniani. Walikuwa wakicheza ili jina la nyumbani lisomeke kwenye kikosi chao, mbele ya watu wanaowajua.

Hapo ndipo ninapouona mvuto wa leo ulipo: ndani ya ligi ndogo. Nafasi ya dunia, yenye mamilioni ya watu na kompyuta zao, imekwisha kuwa jambo la wataalamu. Katika ligi ya watu thelathini wanaokutana sokoni, hesabu ni nyingine, kwa kuwa huwanii kumpita mtu usiyemfahamu; unawania kumpita mwalimu aliyekupita Jumapili na ambaye hataacha kukukumbusha. Pengine hapo tumerudi bila kujua kwenye meza ile ya Wainstein na wenzake. Ndiyo maana pia nimepinga kila mara pendekezo la kuweka fedha kwenye ligi yetu. Kubeti kumeenea mno, mkeka umekuwa lugha ya vijana wengi, na sitaki mchezo wa bure unaodumu miezi tisa ugeuzwe kuwa mkeka mrefu. Kwetu watatu wa mwisho humnunulia bingwa migebuka na ugali mwishoni mwa msimu, na sote tunakula.

Waendeshaji wa mchezo wenyewe wanaonekana kuelewa kwamba vikosi vimefanana mno, na wamekuwa wakibadili kanuni kwa kasi. Msimu wa 2024/25 waliruhusu kulimbikiza hadi mabadiliko matano ya bure ya wachezaji badala ya mawili, na msimu wa 2025/26 wakatoa chipu zote, yaani zile nafuu maalumu kama ya kubadili kikosi chote bure, mara mbili na kuwaongezea watu mabadiliko kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika, jambo lililokuwa la haki kabisa kwa wenye akina Salah. Lakini badiliko nililolipenda kwa dhati ni alama za ulinzi. Beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya kuondosha mpira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya, anapata alama 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, na kwao mipira iliyookotwa nayo huhesabiwa. Tangu hapo nimeona katika kibanda jambo ambalo sikuwahi kuliona: mechi ya Everton iliyokwisha kuamuliwa, dakika ya 85, na watu wanahesabu kwa sauti kila mpira ambao James Tarkowski anaupiga kichwa kuuondoa. Beki wa kazi ngumu, asiye na bao wala pasi ya bao, amepata washangiliaji Kigoma.

Kanuni hiyo imenifanya nitamani jambo jingine. Tangu Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, wapande Ligi Kuu yetu msimu wa 2023/24, tunawatazama kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kwa macho yetu, na pale jukwaani kuna wazee wanaoweza kukuambia bila karatasi ni beki gani aliokoa mara ngapi. Fantasi ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye hesabu za kuaminika ingetupa sisi wa huku kile ambacho FPL haiwezi tena kutupa: mchezaji wa bei ya chini tuliyemwona Jumamosi, ambaye Dar es Salaam bado hawajamsikia.